Kuzima Alamu ya Kampavani Kabla ya Kupanda Feri: Mwongozo Kamili kwa Wanaotoka Nairobi

Alamu ya gari imeundwa kwa ajili ya gari lililoegeshwa kwenye ardhi tulivu. Ikihisi gari limeinama, limetikisika, au kuna kitu kinasogea ndani, inaamini mwizi amefika. Kwenye feri mambo hayo matatu hutokea kwa pamoja na mwizi hayupo. Ndiyo sababu king'ora huanza kulia katikati ya maji huku mwenye gari amekaa juu na chai yake, hajui kwamba linalopiga kelele huko chini ni lake.

Kampavani, yaani gari la safari lenye kitanda na jiko ndani, ina shida hii zaidi kuliko gari dogo. Ni ndefu kwenda juu, kwa hiyo huyumba zaidi. Ndani kuna mapazia, taulo lililoning'inizwa, sufuria kabatini, na pengine paa la turubai linaloinuka ambalo upepo ukilisukuma, hewa yote ya ndani husogea. Kila kimojawapo kinatosha kuiamsha sensa, kile kifaa cha alamu kinachohisi mabadiliko.

Ushauri wangu ni huu, na yote yanayofuata yanautumikia: usizime alamu yote. Zima sensa zinazohisi mwendo, iache milango na boneti vikilindwa, na ulifanyie jambo hilo mazoezi hapa Nairobi kabla hujaingia Mombasa Road au Waiyaki Way. Kando ya maji si mahali pa kuanza kufungua kitabu cha gari.

Kwa nini ni muhimu

Wengi hudhani ni suala la adabu tu, kwamba kelele inaudhi. Kuna zaidi. Kwenye sitaha, ile sakafu ya feri yanakoegeshwa magari, wahudumu hupanga magari kwa ishara za mikono, kwa filimbi na kwa kuitana. Lori linaporudi nyuma huku watu wanapita kwa miguu pembeni, sauti ya "simama!" lazima isikike. King'ora kinachofunika sauti hiyo ni hatari kwa mtu aliye kati ya magari mawili. Hilo pekee linanitosha kulichukulia jambo hili kwa uzito.

Sababu ya pili ni betri. Alamu inapolia, mara nyingi taa za indiketa huwaka nazo. Balbu nne za wati 21 kwa umeme wa volti 12 huvuta karibu ampea 7 kila zinapowaka, na king'ora kina chake juu ya hapo. Kikinyamaza, wimbi linalofuata linakiamsha tena. Kwenye safari ya saa kadhaa, betri iliyochoka kidogo inaweza kushindwa kuzungusha stata, mota inayowasha injini, mlango wa feri unapofunguliwa. Hapo unakuwa wewe ndiye umeziba njia, na nyuma yako kuna foleni ya watu wanaotaka kushuka.

Feri gani, safari ya muda gani

Hatua zote zinategemea jibu la swali moja: je, utabaki na gari lako au utaliacha?

Kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, safari yenyewe ni ya dakika chache. Abiria hushuka wakavuka kwa miguu, dereva huingiza gari. Hapa hakuna haja ya kufunga gari na kwenda mbali. Tatizo la Likoni ni tofauti: alamu nyingi zinazofungwa na mafundi hapa nchini hujiwasha zenyewe. Unazima injini, unatoa ufunguo, unashuka, unafunga mlango, na baada ya nusu dakika hivi alamu iko kazini ingawa rimoti hukuigusa. Dawa yake ni rahisi. Zima injini lakini uache ufunguo kwenye nafasi ya kuwaka taa za dashibodi, kwa sababu alamu hizo nyingi hazijiwashi zikiona swichi ya gari iko wazi. Kwa dakika chache hizo betri haitadhurika. Breki ya mkono uivute hadi mwisho na gari uliache kwenye gia. Septemba 2019 gari lilirudi nyuma hapo Likoni likatumbukia baharini na watu wawili wakapoteza maisha, kwa hiyo breki huja kabla ya alamu, kabla ya simu, kabla ya kila kitu. Ikiwa unaenda Diani au Tiwi na hutaki feri kabisa, barabara ya Dongo Kundu sasa inakufikisha Kwale bila kugusa maji.

Kwa wanaoelekea ziwani, kivuko cha Luanda K'Otieno hadi Mbita kinachukua kama saa moja. Hapo ndipo sensa ya mwinamo huanza kusumbua kweli, hasa alasiri upepo wa Ziwa Victoria unapoinuka na mawimbi kuwa makubwa. Asubuhi ziwa huwa tulivu zaidi. Ukiwa na hiari, vuka asubuhi.

Nje ya mipaka, wasafiri wa Nairobi hukutana na feri za aina zote mbili. Pangani, kule Tanga, ni kuvuka mto tu kwenda Bweni, kwa hiyo fanya kama Likoni. Kwenye visiwa vya Ssese nchini Uganda, feri ya Bukakata hadi Luku haifiki saa moja, lakini ile ya kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Kisiwa cha Bugala huchukua zaidi ya saa tatu na utaliacha gari lako sitahani muda wote. Kwa upande wa Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, kwa hiyo waliokuwa wakiogopa kivuko cha hapo hawana tena sababu ya kuogopa.

Na kwa wenzetu wanaoendesha kampavani Ulaya, feri ya Dover hadi Calais huchukua kama dakika 90, na sheria yake ni kali kuliko ya huku: chombo kikishaondoka, sitaha ya magari hufungwa na huruhusiwi kurudi garini. Ukisahau, umesahau hadi ng'ambo.

Ijue alamu yako ina sensa zipi

Kuna nne ambazo unaweza kukutana nazo.

Sensa ya mwinamo huhifadhi pembe ambayo gari limekaa wakati unapolifunga. Ikibadilika, inalia. Imewekwa hivyo ili kumnasa anayeinua gari kwa jeki au kulivuta kwa lori. Ukielewa jinsi inavyofanya kazi utaelewa kwa nini feri inaweza kuiamsha hata kabla ya kuondoka: unafunga gari likiwa limenyooka, kisha lori lililojaa saruji linapanda nyuma yako, sitaha inazama upande mmoja kwa sentimita kadhaa, na sensa inaona gari lako limeinuliwa pua.

Sensa ya ndani hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu, na kusikiliza yanavyorudi. Kikisogea kitu, mwangwi hubadilika. Mara nyingi utaiona kama vitobo vidogo karibu na taa ya dari au juu ya nguzo za milango ya mbele. Pazia likining'inia karibu nayo, hata kijiupepo cha dirisha lililoachwa wazi kinatosha.

Sensa ya mtikisiko ndiyo inayotawala Nairobi. Mafundi wengi huiita shoki sensa. Huhisi mgongano na mtetemo, na injini ya feri hutetemesha chuma chote cha sitaha kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ya nne si sensa ya mwendo bali ya milango: swichi ndogo kwenye kila mlango, boneti na buti. Hii ndiyo ya kuachwa ikifanya kazi. Feri haiwezi kufungua mlango wako.

Kampavani moja inaweza kuwa na zote, au mbili tu. Ikiwa hujui, kitabu cha gari kitakuambia kuhusu alamu ya kiwandani, na fundi aliyekufungia ile nyingine anapaswa kukuambia kuhusu yake.

Alamu ya kiwandani

Magari mengi ya Ulaya yana njia iliyowekwa makusudi kwa ajili ya feri.

Kwenye Volkswagen Transporter za T5 na T6, bonyeza kitufe cha kufunga kwenye rimoti mara mbili ndani ya sekunde 2. Kubonyeza mara ya pili huondoa ule ufungaji mzito unaozuia mlango kufunguliwa kwa ndani, na pamoja nao sensa ya ndani na ya mwinamo hulala. Milango inabaki imefungwa na inalindwa.

Mercedes Sprinter zenye alamu kamili huwa na vitufe kwenye paneli ya juu karibu na taa ya dari, kimoja cha gari kuvutwa na kingine cha mwendo wa ndani. Zima injini, toa ufunguo, bonyeza vyote viwili, kisha shuka na kufunga. Ford Transit huweka jambo hilo kwenye menyu ya kioo cha dashibodi, ambapo unachagua kati ya ulinzi kamili na ulinzi uliopunguzwa. Kwa feri ni huo uliopunguzwa. Fiat Ducato, ambayo ndiyo msingi wa kampavani nyingi za wageni wanaopita hapa wakielekea Cape Town, ina njia nyingine ya moja kwa moja: ukifunga mlango kwa ule ufunguo wa chuma uliomo ndani ya rimoti badala ya kubonyeza kitufe, alamu haiwashwi kabisa.

Njia hiyo ya ufunguo wa chuma ijaribu kwa gari lolote. Kwenye mengi, kufunga kwa chuma huacha alamu imelala. Kwenye baadhi inaiwasha vilevile. Huwezi kukisia, lazima ujaribu.

Kisha kuna kanuni moja inayowaponyoka wengi, na ndiyo inayosababisha ving'ora vingi kuliko kutojua kitufe: zoezi hili hudumu kwa mfungo mmoja tu. Ukifungua gari tena kuchukua jaketi au chupa ya maji, halafu ukafunga kwa kawaida, sensa zote zimerudi kazini. Fungua mara kumi, zima mara kumi.

Alamu iliyofungwa Nairobi

Toyota Hiace ya mtumba kutoka Japani, ambayo ndiyo hugeuzwa kuwa kampavani zaidi hapa kwetu, mara nyingi hufika bila king'ora chenye sensa za namna hii. Alamu unayoisikia imefungwa Ngara, Kirinyaga Road, Industrial Area au kwenye karakana ya mtaani kwako. Hazifanani, na kitabu chake mara nyingi kilitupwa pamoja na boksi. Kwa hiyo rudi kwa fundi, na usiridhike na "hiyo ni rahisi boss, ukifika utabonyeza tu hapo". Mwambie: "Fundi, nataka kuzima shoki sensa peke yake, milango iendelee kulindwa. Nionyeshe, kisha nifanye mwenyewe ukiniangalia."

Kuna njia tatu atakazoweza kukuonyesha.

Ya kwanza ni ya rimoti. Katika alamu nyingi, ukifunga gari kisha ukabonyeza tena kitufe fulani ndani ya sekunde chache, alamu hurukisha sensa ya mtikisiko kwa mfungo huo. Utasikia mlio mfupi wa ziada wa kuthibitisha. Ni kitufe kipi na milio mingapi, inategemea modeli. Andika kwenye karatasi, ibandike nyuma ya kinga-jua.

Ya pili ni hali inayoitwa valeti, iliyokusudiwa kwa ajili ya kumwachia mtu wa karakana gari. Unafungua swichi ya gari, unabonyeza kitufe kidogo kilichofichwa chini ya dashibodi, na taa nyekundu ya alamu inabaki imewaka bila kupepesa. Rimoti itaendelea kufunga na kufungua milango lakini king'ora hakitalia kwa lolote. Ninaiweka ya pili kwa sababu inazima kila kitu, na mara nyingi hata kile kizuizi cha stata kinalala nayo. Kwa Likoni au Mbita, ambako gari liko mbele ya macho yako, inafaa. Kwa safari ya saa tatu, hapana.

Ya tatu ndiyo ninayoipendelea, na ukimpata fundi mwangalifu ni kazi ya muda mfupi. Analala chali chini ya usukani, anavuta paneli ya chini, na kufuata waya hadi kwenye kijiboksi cheusi chenye ukubwa wa kibiriti kilichofungwa kwa skrubu au kubandikwa kwenye chuma. Hiyo ndiyo shoki sensa. Ina tundu dogo la bisibisi la kupunguza au kuongeza ukali, kitaa kinachopepesa ukigonga chuma kwa kidole, na plagi ya waya tatu au nne. Anaweka swichi ndogo kwenye waya unaoipa sensa umeme na kuificha mahali unapofikia kwa mkono. Siku ya feri unaizima kabla ya kufunga gari. Ukifika ng'ambo unaiwasha. Hakuna milio ya kukumbuka, na milango inalindwa wakati wote. Akiwa hapo chini, mwombe pia apunguze ukali wa sensa kama alamu yako hulia kila pikipiki inapopita. Sensa iliyowekwa kali kupita kiasi haikulindi, inawazoesha majirani kupuuza.

Usikubali kuambiwa "toa waya wa betri tu". Ving'ora vingine vina betri yake ndani, na vimetengenezwa vilie pale pale umeme wa gari unapokatwa. Utakuwa umekiamsha kile ulichotaka kukilaza, na sasa rimoti haikisikii. Kama king'ora chako ni cha aina hiyo, huenda kina tundu la ufunguo mdogo ubavuni. Tafuta funguo hizo leo.

Kuhusu imobilaiza, ile inayosoma chipu iliyo ndani ya ufunguo, iache. Haina king'ora, haihisi mawimbi, na inaendelea kuzuia injini isiwashwe na mtu asiye na ufunguo wako hata sensa nyingine zote zikiwa zimelala.

Traka: mwambie aliye kwenye simu

Magari mengi ya Nairobi yana traka, kifaa kinachoripoti gari liko wapi, ama kwa hiari ya mwenyewe, ama kwa sababu bima au benki ilidai. Traka huona jambo ambalo alamu haioni: injini imezimwa, lakini gari linasafiri. Kwake hiyo ni dalili kamili ya gari kuvutwa na wezi. Unaweza kupigiwa simu katikati ya ziwa mahali pasipo na mtandao, na usipopokea, mtu wa zamu akaamua kuzima gari kwa mbali. Sitaha ya chuma nayo inaweza kuficha mawimbi ya setilaiti, na kwenye mitambo fulani kupotea huko kunahesabika kama jaribio la kuvuruga traka.

Siku moja kabla, piga simu chumba chao cha udhibiti. Toa namba ya gari, kivuko, saa ya kuondoka na saa unayotarajia kushuka. Kisha uliza swali hili kwa maneno haya haya: "Mnazima gari kwa amri yangu tu, au mtambo unaweza kulizima wenyewe?" Kama unaweza kulizima wenyewe, waombe wasimamishe kipengele hicho kwa muda wa safari na wakutumie ujumbe wa kuthibitisha. Ujumbe huo uhifadhi. Zamu hubadilika, na wa usiku huenda hakuambiwa na wa mchana. Ukivuka mpaka kuingia Uganda au Tanzania, uliza pia kama laini iliyo ndani ya traka hufanya kazi huko.

Jaribio la nyumbani

Fanya hivi mchana, mahali ambapo king'ora hakitaamsha mtoto wa jirani, na uwaambie askari wa geti kwanza.

Teremsha dirisha la dereva nusu. Funga gari kwa njia uliyojifunza ya kuzima sensa. Subiri dakika nzima, kwa sababu sensa nyingi haziamki papo hapo baada ya kufungwa, na anayejaribu mapema hudhani amefaulu. Sasa ingiza mkono dirishani na kuupunga ndani polepole, kisha kwa kasi. Kimya? Umeilaza sensa ya ndani. Simama ubavuni, weka mgongo wako kwenye bodi na ulisukume gari liyumbe, mara kadhaa mfululizo, kisha gonga tairi kwa kiganja. Kimya? Ya mtikisiko imelala. Kwa ya mwinamo, weka vizuizi kwenye magurudumu, inua kona moja kwa jeki sentimita chache, na ungoje kidogo. Usiingie chini ya gari.

Mwisho, fikia kitasa cha ndani kupitia dirishani na ufungue mlango. Hapa alamu inapaswa kulia. Isipolia, umezima kila kitu, si sensa pekee, na unahitaji kurudi mwanzo.

Rudia zoezi lote bila kuzima sensa ili uone tofauti. Mwenzako wa safari naye afanye, kwa sababu anaweza kuwa ndiye atakayelifunga gari siku hiyo.

Siku ya kuvuka

Ukiwa bado kwenye foleni, nchi kavu:

1. Toa garini kila utakachohitaji ukiwa juu: dawa, miwani, vitambulisho, maji, nguo ya baridi, chakula cha mtoto. Hii ndiyo inayokuepusha kulifungua gari tena.

2. Funga mtungi wa gesi kwenye koki yake ya juu, si kwenye jiko. Friji inayotumia gesi izime. Ile ya umeme iliyo kwenye betri ya pili inaweza kuendelea ikiwa imejaa vizuri na feri inaruhusu.

3. Shusha paa la kuinuka na kulifunga. Kusanya mapazia, ondoa taulo na kofia zilizoning'inizwa, funga makabati. Madirisha yote juu, na tundu la hewa la darini vilevile.

4. Kumbuka kengele ya gesi au ya moshi wa sumu iliyo ukutani. Moshi wa malori ndani ya sitaha iliyofungwa unaweza kuiliza, na rimoti ya gari haiwezi kuinyamazisha. Kama inatoka kwenye kishikizo chake, beba ukae nayo mfukoni mwa begi. Kama imefungwa moja kwa moja, iache.

Kwenye sitaha, fuata mhudumu, si akili yako kuhusu nafasi. Breki ya mkono, gia, zima injini. Kila mtu ashuke kwanza, na paka wala mbwa asibaki ndani bila idhini ya wahudumu. Mnyama akibaki, sensa ya ndani lazima iwe imezimwa, na dirisha liachwe wazi kidogo kwa hewa. Kisha zima sensa kwa njia yako, funga, na usubiri ile dakika moja pembeni ya gari ukiwa umesimama mahali salama. Magari ya nyuma yakiendelea kupanda na sitaha ikizama kidogo huku gari lako liko kimya, umeweza.

Rimoti usiitie kwenye mfuko wa suruali iliyobana. Kitufe kikibonyezwa ukikaa, gari linafunguka, na alamu nyingi zikiona hakuna mlango uliofunguliwa hujifunga tena zenyewe baada ya muda mfupi, safari hii na sensa zote zikiwa macho. Iweke kwenye mfuko wa begi peke yake.

Ikilia hata hivyo

Sikiliza tangazo na uangalie namba ya gari. Kwenye feri ndogo nenda kwa mhudumu wa karibu, umwambie ni lako, na mshuke pamoja. Usijipenyeze peke yako kati ya magari chombo kikiyumba. Fungua kwa rimoti, fungua mlango wa dereva na kuufunga, ili alamu ijue kweli umeingia. Kama bado inalia, weka ufunguo na ufungue swichi, kwa kuwa alamu nyingi hunyamaza zikiutambua ufunguo halali. Baada ya hapo usijaribu tena kwa rimoti. Funga kwa ufunguo wa chuma au uweke valeti, na ukubali kwamba kwa safari iliyobaki gari linalindwa na macho ya watu. Toa kamera na kompyuta uende nazo juu.

Kama sitaha imefungwa na huwezi kushuka, mpe mhudumu namba ya gari, mahali ulipoegesha na ueleze kwamba hakuna mtu wala mnyama ndani. Taarifa hiyo ya mwisho ndiyo wanayoihitaji zaidi.

Mkishafika ng'ambo

Usiwashe injini hadi uambiwe. Ukishatoka kwenye msongamano, simama pembeni na urudishe ulichozima: washa swichi ya shoki sensa, au uondoe valeti. Alamu ya kiwandani hurudi yenyewe ukifungua gari. Pigia simu chumba cha udhibiti waondoe ruhusa ya safari, maana traka iliyolazwa Mbita na kusahauliwa itakuwa bado imelala ukirudi kuegesha mjini. Jioni ukifika kambini, teremsha dirisha nusu, funga kwa kawaida, ngoja dakika, pitisha mkono: safari hii lazima ilie. Kengele ya gesi irudi ukutani kabla hujafungua koki ya mtungi na kuwasha jiko.